Kibabu cha Mvuke: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Nomu wa Stimpanki kwa Mikono

Kabla hujashika mkasi, jibu swali moja: kibabu chako kinafanya kazi gani? Kinachochea moto wa boila? Kinatengeneza saa? Kinarusha puto? Swali linaweza kuonekana la kitoto, lakini ndilo linalotenganisha kibabu cha stimpanki na mdoli aliyepakwa gundi akagaragazwa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Nimeona vingi vya namna hiyo ya pili: gia kumi na mbili kofiani, na hakuna hata moja inayozungusha kitu.

Nasema "kibabu" kwa sababu neno nomu bado ni geni masikioni, na ndivyo alivyo hasa: kizee kifupi, ndevu hadi tumboni, kofia ya ncha iliyoshuka mpaka puani. Jina nomu liliandikwa na Paracelsus, tabibu wa Uswisi aliyefariki mwaka 1541. Kwake hao walikuwa viumbe wa ardhini wanaopita katika udongo kama sisi tupitavyo hewani. Baadaye Wajerumani waliwafinyanga wakawa pambo la bustani, na katika miaka ya 1840 Sir Charles Isham akawapeleka Uingereza, kwenye bustani yake ya mawe pale Lamport Hall. Sura tutakayoshona hapa, isiyoonyesha macho, imetoka Skandinavia, ambako kizee huyu ni mlinzi wa nyumba na mifugo. Stimpanki ni neno la juzi: mwandishi K. W. Jeter alilitupa kwa mzaha katika barua ya mwaka 1987, akitafuta jina la hadithi za enzi ya Malkia Victoria zilizojaa mitambo ya mvuke.

Wawili hawa hawakuozeshwa kwa nguvu. Nomu ni mtu wa chini ya ardhi, na mvuke nao ulianzia huko huko: injini ya Thomas Newcomen ya mwaka 1712 ilijengwa ili kuvuta maji yaliyofurika migodini. Kwa hiyo kibabu tutakachotengeneza hapa ni mchochea boila wa mgodini, chenye urefu wa sentimita 33 hivi. Wewe chagua kazi yako. Ukishaichagua, kila kipande unachotaka kubandika kiulize: wewe unafanya nini hapa? Kikikosa jibu, kirudishe kwenye kopo.

Vitu vya kukusanya

Nguo: felti au kitambaa kizito cha sufu chenye rangi ya kahawia, kijivu au kijani cha moshi, pamoja na manyoya bandia yenye nywele ndefu kwa ajili ya ndevu. Ngozi chakavu hupatikana kwenye mkanda uliokatika au mkoba wa zamani, na ngozi iliyochakaa ni bora kuliko mpya kwa sababu miaka imekwisha kukufanyia kazi ya kuichubua. Tafuta pia pamba ya kujazia mito, waya wa alumini wa milimita 2, waya mwembamba wa shaba, vifuniko viwili vya chupa za soda, kopo dogo lenye upana wa sentimita 5 hivi, nati, washa, springi za kalamu, vifungo vya chuma, na kandambili moja iliyokufa. Hiyo kandambili usiicheke, tutaihitaji.

Gia halisi hutoka kwenye saa za mezani na za ukutani zilizoharibika. Hapa nakuomba usimame kidogo. Saa ya kujaza kwa ufunguo ina springi kuu iliyojikunja ndani ya kasha lake, na ikiwa bado imejaa, ukifungua vibaya hufyatuka na kukata vidole. Mpe fundi saa ailegeze, au liache kasha zima lilivyo. Jambo la pili ni zito zaidi: saa za zamani zenye mishale na namba zinazong'aa gizani, hasa za kabla ya miaka ya 1970, huenda zilipakwa rangi yenye radiamu. Mng'ao unaweza kuwa umekwisha, mionzi bado ipo. Usizifungue, usiikwangue rangi yake. Gia zipo nyingine nyingi, na nitaonyesha namna ya kuzikata mwenyewe.

Mwili, na kwa nini lazima uwe mzito

Kata mstatili wa kitambaa wenye upana wa sentimita 36.5 na urefu wa sentimita 20. Kata duara la kipenyo cha sentimita 13 kwa ajili ya kitako. Ukunje mstatili, ushone ubavuni ukiacha sentimita 1 kila upande, nawe utakuwa na bomba la kitambaa lenye mzingo wa sentimita 34.5. Lishonee kile kitako kwa mshono wa sentimita 1, kisha geuza nje.

Tumbukiza ndani kisahani cha kadibodi ngumu chenye kipenyo cha sentimita 10.5 kikae kwenye kitako. Juu yake weka mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri wenye kokoto ndogo au mchanga mkavu, gramu 500 hadi 600. Wengi hutumia mchele. Mchele huingia fukusi, na siku moja utaona kibabu kinatembea.

Uzito huu si wa hiari. Kibabu cha kawaida hubeba kofia ya felti tu, lakini cha stimpanki hubeba miwani, mabomba na chuma, vyote vikiwa juu. Cha kwanza nilichotengeneza kilikuwa kizuri sana kwa dakika nne, kisha kikainama taratibu kama mtu anayesinzia ibadani, kikaanguka kifudifudi na pua ikang'oka.

Juu ya kokoto jaza pamba, ukiishindilia pembeni kwanza ndipo katikati. Pitisha uzi imara kuzunguka mdomo wa juu, uvute ujikunje kama mdomo wa gunia, ufunge. Mwili utabaki na urefu wa sentimita 14 hivi. Usijali sura ya fundo hilo, kofia italifunika.

Kofia

Chukua bikari, au kamba na penseli, uchore robo ya duara yenye nusu kipenyo cha sentimita 24. Tao la robo hiyo lina urefu wa sentimita 37.7, na ukishaondoa mshono wa nusu sentimita kila upande unabaki na mdomo wa sentimita 36.7, unaotosha mwili wetu pamoja na unene wa ndevu. Ukitaka kibabu cha kimo kingine, kanuni ni hii: zidisha 360 kwa nusu kipenyo cha mdomo wa kofia, kisha gawanya kwa urefu wa ubavu wake. Jibu ndilo pembe ya kukata. Hapa, 360 mara 6 gawanya kwa 24, tunapata nyuzi 90.

Shona ubavu na ugeuze. Kata waya wa alumini wa sentimita 26, pinda ncha zake mbili ziwe vitanzi ili zisitoboe kitambaa, kisha uushone kwa ndani kando ya mshono. Sasa kofia inakunjika na kubaki ilivyokunjwa. Mimi hupenda kuivunja mara mbili, kama kiwiko cha bomba: kwanza nyuma, kisha juu. Kofia iliyosimama wima ni ya bustanini. Iliyopinda kama dohani iliyogongwa na kitu imekwisha kufika kazini.

Zungusha mdomoni utepe wa ngozi wa upana wa sentimita 2.5, uliotobolewa na kutiwa ribiti ndogo kila sentimita 3. Usibandike kofia mwilini bado.

Ndevu na pua

Manyoya bandia hayakatwi kwa mkasi juu juu. Yalaze nywele zikitazama chini, chora umbo la ndevu kwenye mgongo wa kitambaa, kisha pitisha wembe ukikata ule mgongo tu. Vuta vipande viachane, na nywele zitabaki nzima hadi ncha. Ukikata kwa mkasi utapata ndevu zilizonyolewa na mtu mwenye hasira. Hakikisha nywele zinaelekea kwenye ncha ya ndevu kabla ya kukata, maana kosa hili halirekebishiki.

Umbo la pembetatu lenye upana wa sentimita 12 juu na urefu wa sentimita 15 latosha. Ubandike ukingo wa juu mwilini, sentimita 4 chini ya kilele. Mchochea boila hukaa karibu na moto, kwa hiyo ncha za ndevu zake nazipaka rangi nyeusi kidogo kwa brashi kavu, na mahali pamoja nazikata fupi kama zilizoungua. Fundi saa angezifunga kwa kipete cha shaba zisiingie kwenye mashine. Kazi ikishajulikana, mambo kama haya yanajileta yenyewe.

Pua ni ushanga wa mbao wa milimita 25 hadi 30, au mpira wa kitambaa uliojazwa pamba. Ibandike katikati, juu kabisa ya ndevu, kisha visha kofia mpaka upindo wake uikandamize pua kwa juu. Nusu ya pua ionekane, nusu ijifiche. Hapo ndipo uso unapozaliwa bila macho. Sogeza kofia juu milimita tano na kibabu kinashangaa, ishushe na kinanuna. Ukiridhika, jaza pamba kidogo kofiani, ibandike nyuma na ubavuni. Mbele acha wazi hadi miwani ikae.

Mikono si lazima. Ukiitaka, shona mirija miwili ya kitambaa yenye waya ndani, uishone chini ya ukingo wa kofia.

Miwani

Miwani ndiyo kitu cha kwanza watu hukitazama, basi ipe muda. Vifuniko vya chupa vina mifuo pembeni mwake, na ukishavipaka rangi ya shaba mifuo hiyo inafanana kabisa na pete za kuzungushia lenzi. Toboa kila kifuniko katikati kwa keekee, upanue tundu kwa kisu hadi ubaki ukingo wa milimita 3, na ulainishe kwa msasa. Kata lenzi mbili kutoka kwenye chupa angavu ya plastiki, uzipake kwa kalamu ya wino wa rangi ya asali. Zitie kwa nyuma mwisho kabisa, rangi ikishakauka.

Unganisha vifuniko kwa kipande kidogo cha waya wa shaba kilichozungushwa mara nyingi katikati, kisha pitisha mkanda wa ngozi wa sentimita 1.5 kuzunguka kofia. Miwani ikae juu ya utepe wa kofia, imeinama kidogo upande mmoja, kama ya mtu aliyeivua dakika hii. Lenzi moja waweza kuipa tundu dogo zaidi kwa kuongeza washa juu yake: hiyo ni ya kusomea geji, yaani kipimo cha mvuke, kwa mbali.

Boila la mgongoni

Boila la kweli huhitaji mahali pa kuingizia maji, mahali pa moto, bomba la kutolea mvuke, geji ya kuonyesha nguvu ya mvuke, na vali ya usalama. Ukiweka hivyo vitano, hata kwa njia ya udanganyifu kabisa, mtazamaji ataamini bila kujua kwa nini. Ukiweka ishirini bila mpango, hataamini hata kimoja.

Kopo ndilo tangi. Kunja kingo zake kali kwa koleo. Kifuniko cha kalamu juu yake ni mdomo wa maji. Chini, kata kimlango cha kadibodi cha sentimita 2 na bawaba ya waya: hapo ndipo moto unapokaa. Springi ya kalamu iliyosimama juu ya washa, na nati juu yake, ni vali ya usalama, kifaa ambacho Denis Papin alikiweka kwenye chungu chake cha mvuke mwishoni mwa karne ya 17 kisilipuke. Geji ni kifungo cha duara chenye uso wa karatasi. Chora mshale, namba chache, na robo ya mwisho uipake nyekundu. Geji hii ya uso wa duara ilipewa hataza na Mfaransa Eugène Bourdon mwaka 1849, kwa hiyo imo katika enzi yake halali. Mshale wangu siku zote hugusa mwanzo wa nyekundu, maana kibabu kisichocheza na hatari kidogo hakichekeshi.

Bomba la kutolea mvuke ni waya nene wa shaba unaotoka juu ya tangi, unaopanda mgongoni, na kuingia kofiani. Sasa kofia ina sababu ya kupinda: ni dohani. Kwenye ncha yake tia kifuniko kidogo cha bati kama filimbi. Lifunge boila mgongoni kwa mikanda miwili ya ngozi iliyoshonwa mwilini. Usitegemee gundi peke yake.

Gia zinazozunguka

Gia mbili zinazokamatana huzunguka kinyume. Gia tatu zikipangwa pembetatu, kila moja ikikamata mbili nyingine, hazizunguki kabisa, zimefungana. Mimi nilizipanga hivyo kwenye kofia ya kibabu changu cha pili, nikamwonyesha fundi saa kwa majivuno, naye akacheka hadi akavua miwani. Tangu siku hiyo hupanga gia kwa mstari.

Kandambili yetu sasa. Soli yake ni laini kukata na haivunjiki. Ichonge iwe nyembamba, milimita 4 hivi, kisha chora gia mbili: moja ya kipenyo cha sentimita 2 yenye meno 8, na nyingine ya sentimita 4 yenye meno 16. Uwiano huu ni wa makusudi. Ili meno yakamatane lazima yawe na ukubwa mmoja, kwa hiyo gia yenye meno mara mbili lazima iwe na kipenyo mara mbili. Duara la meno 8 ligawe kila nyuzi 45, jino nusu na pengo nusu. La meno 16 kila nyuzi 22.5. Ongeza milimita 2 nje ya mstari kwa kilele cha jino, na chimba milimita 2 ndani kwa pengo lake.

Zichome katikati kwa pini za ubao, kwenye kipande cha kadibodi kilichofunikwa ngozi, vituo vyao vikiwa na umbali wa sentimita 3. Usizibandike. Zikae huru, na gia ndogo ipe mkono mdogo wa waya. Mtu akiuzungusha mara mbili, gia kubwa inazunguka mara moja. Ukikaza kipande hicho ubavuni mwa boila, umepata pampu ya maji.

Rangi na uzee

Plastiki ikwangue kwa msasa laini, kandambili ipake gundi nyeupe ya mbao tabaka tatu au nne ili matundu yazibe. Kama ulitumia povu jeupe la vifungashio mahali popote, usilipulizie rangi ya kopo, litayeyuka mbele ya macho yako.

Mfuatano ni huu: nyeusi kwanza kila mahali, hata kwenye mashimo. Ikikauka, kahawia iliyoiva. Kisha chovya brashi kwenye rangi ya shaba, uifute kwenye kitambaa hadi uamini haina kitu, na uipitishe haraka juu ya kingo tu. Hiyo "haina kitu" ndiyo inayotoa chuma kutoka kwenye plastiki. Mwisho, kahawia iliyoongezwa maji mengi, uiache itiririke kwenye pembe, uifute juu. Tumia rangi za shaba mbili au tatu tofauti. Mtambo uliopakwa rangi moja ya dhahabu huonekana kama zawadi ya mashindano.

Shaba halisi waweza kuizeesha kweli. Ioshe kwa sabuni, inyunyizie chumvi, uiweke juu ya karatasi laini iliyoloa siki ndani ya chombo chenye kifuniko, siku moja au mbili. Itaota kutu ya kijani. Ikikauka ipake vanishi. Siki isikutane kamwe na dawa ya kufanyia nguo nyeupe, maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini. Njia ya mkato ni rangi ya feruzi iliyozimuliwa, tone moja moja, mahali ambapo maji yangetuama.

Neno kuhusu gundi

Gundi ya moto ni nzuri kwa nguo na mbaya kwa chuma. Chuma huipoza kabla haijashika, na baada ya wiki kipande kinadondoka kikiwa safi. Kwa chuma tumia gundi ya kuchanganya sehemu mbili, baada ya kukwaruza pande zote. Gundi ya supa isikaribie lenzi, kwani mvuke wake huacha ukungu mweupe usiotoka. Tena usiimwage kwenye pamba au kitambaa cha pamba, hupata joto kali ghafla na inaweza kuunguza vidole.

Ukitaka moto wa boila uwake, taa ndogo ya LED ya manjano na betri ya kidonge ya volti 3 zinatosha nyuma ya kile kimlango, na karatasi nyekundu mbele yake. Betri ifungiwe kwa skrubu, si kwa gundi wala utepe. Mtoto akiimeza, inaweza kuunguza koo lake ndani ya saa mbili.

Kikikamilika, kiache kisimame usiku mzima mezani bila kukigusa. Asubuhi itikise meza kidogo. Kilichodondoka kishone au kikaze upya, kisha geuza kibabu, na kwenye kitako andika kwa wino usiofutika mwaka uliokitengeneza, jina lake na kazi yake. Changu cha mwisho kimeandikwa: Mzee Masizi, boila namba 3, zamu ya usiku.